Injini ya Mseto: Kwa Nini Moja Hudumu na Nyingine Hukwama Mlima Sekenke

Mtahiniwa, maneno "gari la mseto" yana maana mbili na usizichanganye. Maana ya kwanza ni gari lenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, kama Toyota Prius, lililoanza kuuzwa Japani mwaka 1997. Maana ya pili, ambayo ndiyo ya makala hii, ni gari dogo ambalo injini yake imeundwa kwa viungo vya injini mbili: bloku ya moja na kichwa cha silinda cha nyingine, au injini kubwa iliyopachikwa kwenye gari lililozaliwa na injini ndogo. Gari la aina hii huhitaji kwenda Japani kulitafuta. Lipo kwenye gereji bubu za Singida mjini, Manyoni na Kiomboi. Mara nyingi ni IST, Vitz au Probox ambayo hedi yake iliharibika, mwenye gari akapewa nyingine iliyotoka Dar es Salaam kwenye maduka ya spea za mtumba.

Swali ni moja: injini ya namna hiyo inategemeka? Mtaani utapata majibu mawili. Wa kwanza atakwambia, "Zote ni Toyota, itadumu." Wa pili atakwambia injini ikishafunguliwa haitengemai tena. Wote wawili wamejibu bila kupima chochote. Kwa elimu ya Fizikia na Hisabati uliyonayo sasa unaweza kujibu vizuri zaidi yao.

Tuanze na sababu ya watu wa Singida kutaka injini kubwa. Mji wa Singida uko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa hapo ni karibu kPa 85, wakati Dar es Salaam ni karibu kPa 101. Gawanya 85 kwa 101, utapata takribani 0.84. Maana yake, kila pistoni inaposhuka kuvuta hewa, hupata kama asilimia 84 tu ya hewa ambayo ingepata pwani. Hewa ikipungua, petroli inayoweza kuungua nayo hupungua, na nguvu pia. Kwa hesabu hiyo injini ya CC 1,300 ikiwa Singida inapumua kama injini ya CC 1,090 iliyoko Dar es Salaam. Injini ya CC 1,500 nayo inapumua kama ya CC 1,260. Kwa hiyo dereva anayebadili kutoka 1,300 kwenda 1,500 hafanyi anasa. Anarudisha tu kile ambacho mwinuko umemnyang'anya, na anapopakia abiria na magunia mawili ya vitunguu anakihitaji hasa.

Sasa tuziangalie injini zenyewe. Toyota ilitengeneza familia ya injini inayoitwa NZ. Mbili kati yake zimejaa katika barabara zetu. 2NZ-FE ni ya CC 1,300, na 1NZ-FE ni ya CC 1,500. Zote zina silinda 4, zote zina kipenyo cha silinda cha mm 75, na uwiano wa mgandamizo wa zote ni 10.5 kwa 1. Zinachotofautiana ni urefu wa mwendo wa pistoni: 2NZ husafiri mm 73.5, na 1NZ husafiri mm 84.7. Kwa kuwa vipenyo vinalingana, ni rahisi fundi kushawishika kuchukua hedi ya hii na kuifunga juu ya ile. Itakaa. Lakini je, itafanya kazi ileile?

Tukokotoe. Eneo la pistoni ni π × 3.75², yaani cm² 44.2. Zidisha kwa mwendo wa pistoni: silinda moja ya 1NZ hufagia cm³ 374, na ya 2NZ hufagia cm³ 325. Uwiano wa mgandamizo ni ujazo wote pistoni ikiwa chini, ukigawanywa kwa ujazo unaobaki pistoni ikiwa juu. Kwa hiyo ujazo unaobaki juu ni ujazo uliofagiwa ukigawanywa kwa 9.5. Kwa 1NZ ni cm³ 39.4, na kwa 2NZ ni cm³ 34.2.

Kwa ajili ya hesabu, chukulia kwamba ujazo huo wote unaobaki uko ndani ya hedi. (Katika injini halisi sehemu yake huwa kwenye gasketi na kwenye uso wa pistoni, ndiyo maana fundi makini hupima kwa kumimina mafuta kwenye hedi kwa bomba la sindano lenye alama za mililita.) Ukifunga hedi ya 2NZ juu ya bloku ya 1NZ, uwiano mpya ni:

(374 + 34.2) ÷ 34.2 = 11.9

Ukifanya kinyume, hedi ya 1NZ juu ya bloku ya 2NZ:

(325 + 39.4) ÷ 39.4 = 9.2

Injini ya pili itakuwa dhaifu na itakula mafuta, lakini haitajiua. Ya kwanza ndiyo ya kuogopa. Gesi ikigandamizwa zaidi, halijoto yake hupanda zaidi, na mchanganyiko wa petroli na hewa unaweza kujilipukia wenyewe kabla mwako ulioanzishwa na plagi haujaufikia. Sauti yake ni mlio wa chuma, kama changarawe kwenye kopo, hasa injini ikibeba mzigo mlimani. Hali hiyo ndiyo huitwa kugonga. (Fundi anaposema "injini imenoki", kwa kawaida anamaanisha imekwishaharibika ndani, beringi zimekwenda. Neno lake na neno la kitabu vinatoka mahali pamoja lakini havitaji kitu kimoja. Kwenye mtihani tumia la kitabu.) Kugonga kukiendelea, pistoni hutoboka au ringi zake huvunjika.

Hapo kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii. Kwa sheria ya Boyle peke yake, bila kuhesabu kupanda kwa halijoto, injini yenye uwiano wa 10.5 Dar es Salaam hufikisha hewa kPa 101 × 10.5, yaani karibu 1,060. Ile ya 11.9 ikiwa Singida hufikisha kPa 85 × 11.9, yaani karibu 1,010. Unaona? Injini iliyokosewa inaweza kukaa kimya Singida, mwenyewe akaisifu kwa jirani, kisha ikaanza kugonga siku anapoteremka nayo Morogoro na pwani, kwenye hewa nzito na joto. Halijoto inayoletwa na mgandamizo haipunguzwi na mwinuko, kwa hiyo Singida haimponyi kabisa, ila humfichia kosa.

Mwinuko huohuo hudanganya kwa upande mwingine. Fundi akichomeka kipimo cha mgandamizo kwenye tundu la plagi, injini nzima ambayo Dar es Salaam ingesoma kPa 1,400 itasoma Singida karibu kPa 1,180. Nambari za kwenye vitabu vya watengenezaji huchukulia usawa wa bahari. Anayezisoma bila kufikiri ataihukumu injini nzuri kuwa imechoka na kumwambia mteja anunue nyingine. Kinachotegemeka zaidi ni kulinganisha silinda kwa silinda. Tatu zikisoma 1,180 na moja 850, hapo kuna ugonjwa wa kweli, iwe Singida au Tanga.

Wenzetu wanaopenda magari ya mbio, hasa Marekani, wamekuwa na mseto wao maarufu kwa miaka mingi, na unafaa kutajwa kwa sababu unaonesha hatari ya aina nyingine. Huchukua bloku ya Honda ya CC 1,834 iitwayo B18B na kuifunga hedi ya injini ya CC 1,595 iitwayo B16A, ambayo ina mfumo wa valvu wa VTEC. Vipenyo vinalingana, mm 81. Ila hedi ya VTEC inahitaji oili yenye kanieneo ili ifanye kazi, na bloku ya B18B haikutengenezewa njia ya kuipeleka huko. Fundi hulazimika kutoa oili kwenye tundu la swichi ya kanieneo ya oili na kuipeleka juu kwa bomba la nje. Bomba hilo likivuja au likikunjwa vibaya, injini nzima inakosa damu.

Hatari ya pili ni ya mwendo. B16A iliundwa kuzunguka karibu mara 8,000 kwa dakika, na B18B karibu mara 6,800. Pistoni ya B16A husafiri mm 77.4 tu, ya B18B husafiri mm 89. Katika mzunguko mmoja pistoni hupanda na kushuka, kwa hiyo mwendokasi wake wa wastani ni:

B16A kwa mizunguko 8,000: 2 × 0.0774 × 8,000 ÷ 60 = m/s 20.6
B18B kwa mizunguko 6,800: 2 × 0.089 × 6,800 ÷ 60 = m/s 20.2
Mseto kwa mizunguko 8,000: 2 × 0.089 × 8,000 ÷ 60 = m/s 23.7

Tazama mistari miwili ya kwanza. Wahandisi walifika karibu mahali pamoja kwa njia mbili tofauti, na mseto umevuka mahali hapo. Na si mwendokasi tu. Kani inayovuta konrodi, yaani mkono wa chuma unaounganisha pistoni na krenki, huongezeka kwa mraba wa mizunguko. (8,000 ÷ 6,800)² ni 1.38. Bolti za konrodi zilezile sasa zinavutwa kwa kani iliyozidi kwa asilimia 38. Mwenye mseto wa aina hii ana njia mbili za heshima: anunue bolti na konrodi imara zaidi, au akubali kutozidisha mizunguko ya bloku. Wengi hawapendi njia ya pili kwa sababu ndiyo inayowanyima ile sauti waliyoitafuta.

Turudi Singida, maana huku injini haziui kwa mizunguko. Zinaua kwa joto.

Barabara kuu inayotoka Igunga kuja Singida hupita tambarare ya Wembere, kisha hupanda Mlima Sekenke kuingia Iramba. Gari dogo lililojaa hupanda pale kwa gia ndogo, mwendo mdogo, kiyoyozi kikiwaka. Upepo unaopita kwenye rejeta ni mchache wakati ambapo joto linalotakiwa kuondolewa ni jingi kuliko saa yoyote ya safari. Chukulia injini inatupa joto kW 30 kwenye maji yake, na pampu inapitisha kilo 1 ya maji kwa sekunde. Kwa kuwa uwezo joto maalumu wa maji ni J/kg°C 4,200, kila yanapopita kwenye injini maji hupanda 30,000 ÷ 4,200, yaani nyuzi 7 hivi. Rejeta ikiwa imeziba nusu kwa kutu na mzunguko ukapungua kwa nusu, yanapanda nyuzi 14. Sasa pachika injini ya CC 1,500 kwenye Vitz iliyokuja na rejeta ya injini ya CC 1,000. Mjini haitaonesha dalili, kwa sababu safari ni fupi. Mlimani ndiko mtihani ulipo.

Unakumbuka kwamba kiwango cha mchemko hutegemea kanieneo? Singida maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 95, si 100. Mfuniko wa rejeta ulio mzima huongeza karibu kPa 100 juu ya ile 85 ya nje, na maji yanafika kiasi cha nyuzi 118 kabla ya kuchemka. Injini nyingi hufanya kazi karibu na nyuzi 90. Kwa hiyo mfuniko mzima unakupa nafasi ya nyuzi 28, na mfuniko ambao mpira wake umekufa unakupa nafasi ya nyuzi 5. Mfuniko ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika mfumo huo. Kuifunga injini ya mseto kwa uangalifu kisha kuiwekea mfuniko wa zamani ni sawa na kujenga nyumba ya tofali na kuacha mlango wa magunia.

Kuna desturi ya kung'oa themostati kwa maelezo kwamba nchi yetu ni ya joto. Siikubali. Asubuhi za Juni na Julai Singida si za joto hata kidogo. Injini isiyo na themostati huchelewa kupata moto wake wa kazi, kontroli boksi hudhani bado ni baridi na kuendelea kumwaga petroli nyingi, na petroli hiyo huosha oili kwenye kuta za silinda.

Maji yakichemka, hedi ya alumini ndiyo huumia kwanza. Alumini hutanuka kwa kiwango cha karibu 23 × 10⁻⁶ kwa kila nyuzi, na chuma karibu 12 × 10⁻⁶, yaani nusu yake hivi. Hedi yenye urefu wa mm 400 ikipanda kutoka nyuzi 25 hadi 95 hurefuka mm 0.64. Hiyo ni kawaida, na gasketi imeundwa kuivumilia. Lakini sehemu moja ya hedi ikiwa na moto kuliko nyingine, kila sehemu hutanuka kwa kiasi chake na hedi hupinda. Watengenezaji huruhusu mpindo wa sehemu chache tu za mia za milimita. Jicho halioni hivyo. Unahitaji rula ya chuma iliyonyooka na kipima nafasi, na ukikuta mwanya, hedi iende kwa mchongaji kabla ya kufungwa.

Kufunga nako kuna hesabu yake. Momenti ni kani mara umbali. Fundi akisukuma spana ya mita 0.3 kwa N 200 anapata Nm 60. Akichomeka bomba na kuirefusha hadi mita 0.6, mkono wake unahisi kani ileile lakini bolti inapata Nm 120. Bolti moja ikikazwa hivyo na jirani yake ikakazwa kwa spana fupi, hedi imeshaanza kupinda kabla gari halijawashwa. Spana ya kupimia momenti ipo kwa ajili hiyo, na bolti hukazwa kwa hatua, kuanzia za katikati kwenda za pembeni.

Viungo vingine nitavipitia haraka. Kontroli boksi iwe inaijua injini iliyopo, la sivyo muda wa cheche na kiasi cha petroli haviendani. Breki zilingane na uzito na mwendo mpya: gari la kilo 1,300 likishuka mita 100 za wima, nishati ya J 1,300,000 lazima iende mahali fulani, na Sekenke ina upande wa kushuka pia. Kadi ya gari ina namba ya injini na ukubwa wake. Injini ikibadilishwa na kadi ikabaki ileile, mwenye gari ana tatizo la karatasi hata kama injini ni nzima.

Sasa tunaweza kulijibu swali letu kwa nambari. Chukulia mseto una viungo vitano vya kuhofia: mgandamizo, oili, upoaji, hedi na gasketi yake, na kontroli boksi. Kimoja kikishindwa, gari limesimama. Chukulia pia kwamba kila kimoja kina uwezekano wa 0.95 wa kumaliza mwaka bila tatizo, na hakitegemei kingine. Uwezekano wa vyote kupona ni 0.95⁵, yaani karibu 0.77. Kila kiungo kilionekana kizuri, lakini gari moja kati ya manne hivi litakwama. Fundi akipima kila kiungo na kukifikisha 0.99, jumla inakuwa 0.99⁵, yaani 0.95. Nambari hizi ni za mfano wa hesabu, ila umbo la hesabu ndilo la kweli. Injini iliyotoka kiwandani ilipimwa viungo hivyo vyote kabla hujainunua. Ya mseto hupimwa na yule aliyeifunga, au haipimwi na mtu.

Maswali ya kujipima

1. Injini ya 1SZ-FE ya Toyota Vitz ina silinda 4, kipenyo cha mm 69 na mwendo wa pistoni wa mm 66.7. Onesha kwamba ujazo wake wote ni karibu cm³ 1,000. Ikiwa Singida, inapumua kama injini ya ukubwa gani iliyoko Dar es Salaam?

2. Dereva amepima mgandamizo wa injini yake Dar es Salaam akapata kPa 1,350 kwa kila silinda. Amepima tena Singida kwa kifaa kilekile akapata kPa 1,130 kwa kila silinda. Anadai ameuziwa petroli mbaya njiani iliyoharibu injini. Mweleze kwa kutumia nambari.

3. Mseto una viungo vinne vyenye uwezekano wa 0.98 kila kimoja, na cha tano, mfumo wa upoaji, wenye 0.80. Tafuta uwezekano wa gari kumaliza mwaka. Mwenye gari ana fedha za kurekebisha kiungo kimoja tu. Kokotoa uwezekano mpya akirekebisha upoaji ufike 0.98, kisha akirekebisha kiungo kingine chochote kifike 1.00. Linganisha majibu yako. (Majibu: 0.74, 0.90, 0.75.)